Ubeti wa Nne

Sidonie Hebenstreit alikuwa na desturi ya kusoma nota kwanza na maneno baadaye, na desturi hiyo ndiyo iliyomponza Alhamisi ile.

Si kwamba alikosea. Wasahihishaji wote wa Leipzig walifanya hivyo. Fundi wa kuchonga muziki hugonga nota kwanza kwenye bati, moja moja, kinyumenyume, kwa vyuma vidogo na nyundo. Maneno ya wimbo huja mwisho kabisa, yakabanwa chini ya nota pale palipobaki nafasi. Bati likishachapwa karatasi ya majaribio, msahihishaji naye hufuata njia ileile. Baba yake, Fundi Traugott Hebenstreit, alimfundisha kazi hiyo akiwa na miaka kumi na miwili. Sasa alikuwa na ishirini na minne, na macho yake yalifanya kazi ya watu wawili, maana ya baba yalikuwa yameanza kuchoka.

Asubuhi hiyo baba alimwekea mezani kurasa nne za wimbo mpya bila kusema neno, akarudi chumba cha pili kwenye nyundo yake. Jalada la mbele, lenye jina la mtunzi, lilikuwa bado halijachongwa. Sidonie akajimiminia kahawa, ile kahawa ya nyumbani kwao iliyokuwa nyepesi hadi ua lililochorwa ndani kabisa ya kikombe unalihesabu petali, akashika kalamu, akaanza.

Nota zilikuwa safi. Tena zilikuwa tamu. Alijikuta anazivumisha puani. Sauti ya mwimbaji ilikwenda kwa utulivu, hatua kwa hatua, mithili ya mtu anayejua anakokwenda, lakini mkono wa kushoto wa piano haukukubali kutulia hata kidogo. Ulikuwa unarudi nyuma, unaenda, unarudi tena. Sauti ilipomaliza ukurasa wa tatu, piano iliendelea peke yake ukurasa mzima wa nne. Juu ya ukurasa huo mchapishaji alikuwa amepitisha mstari wa kalamu nyekundu na kuandika: *Hapa hakuna maneno. Bati zima la bure. Liondolewe.*

"Huyu mtunzi kaumizwa na mtu," Sidonie alijisemea, akatabasamu, akanywa kahawa. Maumivu ya mwenzio hayakuzuii kunywa kahawa.

Kisha akarudi ukurasa wa kwanza kusoma maneno.

*Nenda, sitakufuata,*
*safari yako ni njema;*
*komeo nitalivuta,*
*macho sigeuzi nyuma.*

Kikombe kilimtoka mkononi. Kahawa ikamwagika mezani, ikatiririka hadi kwenye sketi yake, naye hakuinua hata kitambaa. Alisoma tena. Akaruka ubeti wa pili kwa hofu, akaenda wa tatu, akimwomba Mungu usiwe ule anaoujua.

*Barua nimezichoma,*
*majivu nimeyamwaga;*
*leo nasimama wima,*
*jicho kavu nakuaga.*

Lilikuwa shairi lake. Alilitunga kwa mkono wake, jioni ya Novemba iliyopita, katika daftari alilorithi kwa marehemu mama yake, na daftari hilo lilikaa chini kabisa ya kasha la kushonea, chini ya vitambaa, na hakuna kiumbe aliyewahi kuonyeshwa. Hakumwambia rafiki. Hakumwambia mchungaji. Leo hii limechongwa kwenye bati, linangoja kuimbwa na kila binti wa Leipzig mwenye piano sebuleni!

Na mtu wa kumtungia maneno yale alikuwa mmoja tu hapa duniani.

Arwed Kühnel. Jina lenyewe alikuwa hajalitamka kwa miezi minane. Arwed mtunzi wa nyimbo, mwenye vidole virefu na koti lililopauka viwiko, aliyekuja nyumbani hapo mwaka jana kuomba mkono wake, akakataliwa. Baba alisema amegonga majina ya watunzi kwa miaka thelathini na anajua nani anakula chake na nani anakula kwa watu. Baada ya hapo Arwed hakuonekana tena. Wiki ya kwanza Sidonie alikaa dirishani. Wiki ya pili alikaa dirishani. Wiki ya tatu alikaa chini, akaandika shairi. Mwanamume hakurudi, naye akajifunza kuishi hivyo hivyo, kama mtu anavyoishi na jino bovu.

Kengele ya mlango ikalia.

"Samahani, Fundi Hebenstreit yupo? Nimekuja kutia sahihi nakala ya..."

Sauti ilikatika. Arwed alikuwa amesimama kizingitini, kofia mkononi, amekonda, macho yameingia ndani. Alimtazama Sidonie, akatazama kahawa iliyomwagika, akatazama karatasi zilizokuwa mkononi mwake. Akaelewa kwamba amesoma.

"Wewe!" Sidonie alisema.

"Bi Hebenstreit. Sikujua kwamba nakala itapita mikononi mwako. Naapa sikujua."

"Hukujua? Wimbo umechongwa nyumbani kwangu, na hukujua?"

"Mchapishaji ndiye anayechagua fundi. Mimi nilipewa anwani leo asubuhi. Nimesimama hapo nje robo saa nzima nikijiuliza kama nigonge au nikimbie."

"Ungekimbia! Kukimbia si ndiyo kazi unayoijua?"

Toka chumba cha pili nyundo ya baba iliendelea, tok, tok, tok, kwa mwendo wake uleule wa kila siku.

"Nijibu kitu kimoja tu," Sidonie alisema, sauti imeshuka. "Uliingia lini kwenye kasha langu la kushonea?"

"Kasha gani?"

"Usinifanye mtoto, Arwed. Shairi hili nililiandika nikalificha. Umeliiba, umelitia muziki, sasa unaliuza! Kesho wenye piano wote wa mji huu watajua jinsi nilivyolia."

"Lakini shairi halisemi ulilia. Linasema una jicho kavu."

"Toka!"

"Nitatoka. Kesho asubuhi nitatoka kabisa, nina kazi Riga, miaka mitatu, kanisa lao linataka mpiga kinanda. Nimekuja kwa sahihi moja tu na hutaniona tena." Alipumua. "Ila mwizi sikubali kuitwa. Wewe ndiye uliyenitumia."

"Mimi?"

"Kwa posta."

"Mimi nikutumie wewe?"

"Jumanne, tarehe ishirini na nne Novemba, saa nne asubuhi, mwenye nyumba wangu aliniletea na mkate. Ule mkate sikuula." Aliingiza mkono ndani ya koti, upande wa moyo, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nyingi hadi mikunjo imeanza kuchanika. "Kama huu si mwandiko wako, nikate mkono."

Ulikuwa mwandiko wake. Ule wino wa kahawia wa mama, zile herufi zake zinazolala kulia anapokasirika. Beti tatu, moja chini ya nyingine, na chini yake karatasi imeisha.

Sidonie aliishika kwa vidole viwili.

"Na baba yako aliniambia nisikanyage hapa wiki tatu," Arwed aliendelea, sasa uchungu umempata na yeye. "Alisema: mwache binti afikiri kwa utulivu, usimsumbue, wiki tatu zikiisha njoo upokee jibu lake. Nikatii. Nikahesabu siku kama mfungwa. Siku mbili kabla hazijaisha, nikapata jibu langu. *Nenda, sitakufuata.* Ulitaka nifanye nini? Nije nipige magoti mbele ya mlango uliofungwa komeo?"

"Wiki tatu?" Sidonie alisema polepole. "Baba alikwambia wiki tatu?"

"Hukujua?"

Sidonie alikuwa anatazama ukingo wa karatasi. Ukurasa ukichanwa daftarini huacha meno meno. Huu haukuwa na jino hata moja. Ulikuwa umekatwa, umenyooka, laini, kwa kitu chenye makali kuliko kisu cha jikoni na kwa mkono usiotetemeka. Leipzig nzima ilikuwa na mafundi wengi, lakini ndani ya nyumba hii mkono wa namna hiyo ulikuwa mmoja.

Alienda kwenye kasha la kushonea, akamwaga vitambaa vyote sakafuni, akatoa daftari ambalo hakulifungua tena tangu jioni ile ya Novemba. Alipolifungua akaona ule ufa mwembamba ambapo ukurasa ulikuwepo, akaweka karatasi ya Arwed pale. Ikakaa sawasawa, hata unywele haupiti.

Chumba cha pili, nyundo ilinyamaza.

Wote wawili walisikia. Hakuna aliyegeuka.

"Sikukutumia kitu, Arwed," Sidonie alisema, na machozi yakaja bila kuitwa. "Nilikaa dirishani wiki tatu. Nilijua umenitupa."

Arwed akajishika kwenye kiti.

"Lakini uliandika," alisema mwishowe. "Haidhuru nani ametuma. Kwenye ubeti wa pili uliandika kwamba umekoma hata kunitaja jina. Huo ni mkono wako. Ulikuwa unamaanisha."

"Soma lililobaki."

"Lipi lililobaki? Yamekwisha. Beti tatu."

"Aliyekata, alikata ukurasa mmoja," Sidonie alisema. "Mimi niliandika kurasa mbili."

Akamgeuzia daftari. Juu ya ukurasa uliofuata, peke yake, kwa wino uleule wa kahawia, ulikaa ubeti wa nne.

*Haya yote nimesema*
*nikingoja mlangoni;*
*usiamini, njo hima,*
*komeo li mkononi.*

Arwed aliusoma amesimama. Aliusoma tena akiwa ameketi, ingawa hakukumbuka baadaye aliketi saa ngapi. Sidonie alingoja amwangukie miguuni, au amkumbatie, au angalau alie kama watu wengine. Mwanamume yule hakufanya hata moja. Alinyakua ukurasa wa nne wa nakala, ule wenye mstari mwekundu, akautazama kama mtu aliyeona jina lake kwenye tangazo la msiba.

"Mungu wangu," alinong'ona. "Mungu wangu, Sidonie."

"Nini?"

"Hiki kipande cha mwisho. Mchapishaji amekipigia kelele mwezi mzima. Ananiambia, Bwana Kühnel, shairi limekwisha, mwimbaji amenyamaza, piano yako inasema nini tena ukurasa mzima? Nikamjibu sijui. Kweli sikujua! Maneno yako yaliisha kwenye *nakuaga*, lakini mikono yangu ilikataa kusimama. Kila nilipojaribu kuufunga wimbo pale, ulikuwa uongo. Nikaiacha piano irudie ule muziki mara moja zaidi bila sauti, ila mwishoni ukapanda badala ya kushuka. Leo nilikuja kumwambia baba yako akiondoe tu. Nimechoka kutetea kitu nisichokijua."

"Irudie mara moja zaidi," Sidonie alirudia. "Yaani urefu wa ubeti mmoja."

Walitazamana.

Pembeni ya chumba kulikuwa na piano kuukuu ya mstatili, ya kupimia makosa, funguo zake mbili zimekufa. Arwed aliiendea akijikwaa kwenye vitambaa vya sakafuni. Hakupiga mwanzo wala katikati. Aliweka ukurasa wa nne mbele yake, akapiga. Sidonie, amesimama nyuma ya bega lake na daftari la mama mkononi, akaimba. Hakuwa na sauti ya jukwaani. Alikuwa na sauti ya msahihishaji, nyembamba na ya kweli.

*Haya yote nimesema* ikaingia. *Nikingoja mlangoni* ikaingia. Silabi moja haikuzidi, silabi moja haikupungua. Pale kwenye *usiamini*, ule mkono wa kushoto uliokuwa ukihangaika wimbo mzima, ulisimama. Ulikuwa umeandikwa hivyo hivyo kwenye bati, usimame pale, kabla mwandishi wake hajawahi kuliona neno hilo. Na kwenye *komeo li mkononi* muziki ukapanda, ukabaki juu.

Sidonie alishindwa kumaliza neno la mwisho. Mtu huyu alisoma beti tatu za kumfukuza, akaketi kwenye piano yake, na mikono yake ikamjibu ubeti ambao hajapata kuuona. Aliogopa, kusema kweli. Kupendwa ni kitu kizuri, lakini kujulikana hadi huko kunatisha.

"Hukuniamini," alisema. "Nilipokuambia nenda."

"Mimi niliamini," Arwed alisema, machozi sasa yanamdondoka juu ya funguo. "Nimeamini miezi minane, mpumbavu mkubwa. Piano ndiyo iliyokataa."

Akamshika mkono, akauweka shavuni. Ulikuwa umelowa kahawa, na hakuna aliyejali.

"Inatosha."

Fundi Traugott Hebenstreit alikuwa mlangoni pa chumba cha pili, aproni imejaa unga wa madini, nyundo bado mkononi. Mtu mpana, mwenye shingo fupi. Siku zote alijaza mlango, ila leo mlango ulibaki wazi pembeni.

"Baba," Sidonie alisema. "Niambie si wewe."

"Ni mimi."

Alikuwa anajua. Tangu ule ukingo laini alikuwa anajua. Hata hivyo lilimpiga kama kofi.

"Daftari la mama! Uliingia kwenye daftari la mama?"

"Nilikuwa natafuta uzi."

"Uzi!"

"Kifungo kilikatika. Nikaliona. Nikalifungua, nikasoma ukurasa mmoja." Mzee alijipangusa mkono kwenye aproni. "Nikasema, mtoto ameamua, ila hana moyo wa kutuma. Nikamtumia."

"Na ukurasa wa pili hukufungua?"

"Sikufungua."

"Kwa nini, baba? Ni kugeuza tu!"

Fundi alitazama nyundo yake.

"Kwa sababu wa kwanza ulinitosha," alisema.

Arwed alisimama, ngumi zimekunjwa, na kwa mara ya kwanza Sidonie aliona kwamba mtu huyu mpole anaweza kumpiga mzee.

"Miezi minane, Fundi," Arwed alisema. "Umetuzika miezi minane kwa kisu cha kukwangulia bati."

"Wewe nyamaza. Ungekuwa na kazi ya maana nisingefanya hivyo."

"Ninayo! Riga!"

"Riga!" Mzee alifoka, na hasira ikampasukia upande asioutaka. "Ndiyo, Riga! Umchukue umpeleke Riga! Na mimi nani atanisomea mabati? Naona nota mbili pale penye moja, nagonga kwa vidole, kijana, kwa kupapasa! Anajua yeye. Mtaa haujui. Siku mchapishaji akijua, hata hii aproni wataniomba niivue."

Kumbe ndilo hilo. Si koti lililopauka viwiko, si watunzi wanaokula kwa watu. Sidonie alimtazama baba yake kama mtu aliyeonyeshwa mgeni na kuambiwa huyu ndiye aliyekulea.

"Ungeniambia," alisema. "Una mdomo."

"Ulinishinda."

"Ndiyo maana ukaniozesha upweke?"

Mzee alinyoosha kidole kwenye karatasi za mezani.

"Hizo nilizigonga mimi. Fundi hasomi maneno, anagonga herufi, tena zinakuja nyuma mbele. Lakini nilipofika kwenye *komeo*, nililijua. Nikamaliza bati usiku sijalala. Msahihishaji mwingine yupo mtaa wa pili, ningempelekea yeye na usingeona kitu. Nilikuwekea wewe mezani." Sauti yake ilipungua. "Zaidi ya hapo sikuweza."

Moyo wa Sidonie ulikuwa na hasira na huruma zikigombea kiti kimoja, na hasira ndiyo iliyokaa kwanza. Akachukua kalamu, akafuta ule mstari mwekundu wa mchapishaji kwa mistari miwili yake myeusi. Chini ya nota za mkono wa kulia wa piano akaandika ubeti wa nne, kila silabi kwenye nota yake, bila kunakili popote. Kisha chini akaandika: *Maneno ya Sidonie Hebenstreit.*

"Chonga hivi, baba."

Mzee aliisogeza karatasi puani.

"Ubeti nitachonga. Jina sichongi. Jina zima la binti yangu chini ya maneno ya kumwita mwanamume arudi mlangoni? Wanawake hutia herufi mbili za mwanzo. Wengine hujipa jina la kiume. Watu watasema nini?"

"Watasema nimeandika."

"Nyundo yangu haitafanya hivyo."

"Basi nipe mimi."

Akampita, akaingia chumba cha pili, akaketi kwenye kigoda cha baba yake mbele ya bati la nne. Alichagua kwenye kasha chuma chenye herufi ya kwanza ya jina lake, akakisimamisha, akagonga. Akachukua cha pili, akakiweka kando ya cha kwanza, akagonga. Hakuwahi kugonga bati maishani, kazi yake ilikuwa karatasi, na macho yalikuwa yamejaa machozi. Wanaume wawili walisimama nyuma yake.

Fundi aliinama, akapapasa zile alama mbili kwa kidole gumba. Akashtuka kama aliyeguswa na moto.

"Umeanzia kushoto! Kushoto! Kwenye bati tunatoka kulia, wewe mtoto! Hili likichapwa jina lako litasomeka kutoka mkiani!"

"Lisomeke!"

"Halisomeki kwenye bati langu! Miaka thelathini na moja sijatoa herufi iliyopinduka nyumba hii. Inuka. Inuka hapo!"

Alimwinua kwa kwapa kabisa, akaketi. Akaligeuza bati kifudifudi, akaligonga kwa nyuma hadi zile herufi mbili zikajaa, akaligeuza tena, akasugua kwa chuma laini mpaka pale mahali pakang'aa. Ghadhabu yote ilikuwa imehamia kwenye kazi. Alipapasa nafasi, akapima kwa kucha, akanyoosha mkono bila kutazama, na Sidonie, kwa mazoea ya miaka kumi na miwili, akamwekea chuma kinachotakiwa kiganjani. Tok. Kingine. Tok.

"Nakala zitatumwa Riga kwa posta," Sidonie alisema nyuma yake, polepole. "Nitakusomea kutoka huko, nikurudishie. Posta iliyoweza kubeba shairi la mtu bila ruhusa yake haitashindwa kubeba kazi."

Masikio ya mzee yalikuwa mekundu. Arwed alikuwa amejibana ukutani, hathubutu hata kukohoa, amemshika Sidonie kwa ncha za vidole.

Jina la kwanza lilikamilika. Fundi alilipapasa toka mwanzo hadi mwisho, likamridhisha. Kisha nyundo ikasimama.

"Jina la ukoo," alisema, bila kugeuka, sauti yake ikiwa kavu kama ya fundi anayemuuliza mteja yeyote. "Nigonge lipi? Letu, au lake?"

Arwed aliziba mdomo kwa kofia. Katika yote Sidonie aliyoyasikia siku hiyo, hakuna lililomshtua kama hilo. Alimtazama mwanamume wake. Alitazama shingo fupi ya baba yake, iliyoinama juu ya bati, ikingoja.

"Gonga letu, baba," alisema. "Aliyeandika alikuwa binti yako. Lake nitaliandika mwenyewe, kwenye kitabu cha ndoa cha kanisa."

Nyundo ilikaa hewani muda mrefu kuliko kawaida. Kisha mzee akanyoosha kiganja nyuma, akaomba herufi.